Makopo Matano ya Filamu

Mulgarra, kupitia Hay
3 Machi 1975

Bwana Ashcombe,

Picha yako imefika. Imekaa mezani jikoni siku nne huku nikijiuliza kama niitundike ukutani au niwashie nayo jiko. Nyuma umeandika kwa kalamu nzuri, "Kwa Merv Trewin, mnyoaji hodari, kwa shukrani." Merv hakuigusa. Aliitazama kwa mbali, akatoka nje kwenda kumlisha mbwa ambaye nilikuwa nimeshamlisha.

Hunikumbuki, kwa hiyo nikujulishe. Mimi ni Enid, dada yake, mpishi wa wanyoaji wa kondoo. Oktoba iliyopita ulikula mezani kwangu siku tatu, ukila nyama na kuacha mafuta pembeni mwa sahani kama bibi harusi. Siku ya tatu, muda mfupi kabla ya kengele ya chai ya alasiri, kondoo dume aliruka mikononi mwa kaka yangu. Mashine ya kunyolea ikampitia mkono wa kushoto, ikakata kano za kidole gumba na za viwili vinavyofuata. Hayo unayajua, maana ni wewe uliyempeleka hospitali.

Usiyoyajua ni haya. Kontrakta Gault, anayewaajiri wanyoaji, aliandika kwenye daftari lake kwamba Merv alikuwa amelewa. Neno hilo sasa liko kwenye kila banda la kunyolea kutoka hapa hadi Ivanhoe. Kaka yangu hajaonja pombe miaka sita. Harufu aliyoisikia Gault ilikuwa ya brandi ambayo msimamizi alikimwagia kile kidonda, na mimi ndiye niliyeshika beseni. Nimewaeleza watu hayo dukani, posta na kanisani mpaka wananikwepa. Merv mwenyewe hasemi kitu. Hakatai, hakubali.

Mtu wa stendi ya tisa, nafasi ya kunyolea iliyo jirani na ya Merv, alisema aliona mwanga ukimulika nyuma yake. Gault akamwambia ilikuwa radi, na kweli siku ile kulikuwa na ngurumo kavu na vumbi. Lakini Darcy Hannigan, mwakilishi wa chama cha wanyoaji, alikuonya siku ya kwanza mezani kwangu nikisikia: "Humu hakuna flashi. Kondoo akishtuka, anayekatwa si wewe."

Nakuuliza mara moja, na jibu lake ni neno moja. Ulitumia flashi?

Enid Trewin

*

Mtaa wa Drummond, Carlton, Melbourne
14 Machi 1975

Bibi Trewin mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa masikitiko, na sauti yake nimeisamehe, kwa kuwa najua familia yenu imepitia mengi.

Jibu ni hapana. Nieleze sababu kwa lugha nyepesi, maana mambo haya huenda ni mageni kwako. Filamu za kamera zina kasi. Ya polepole inataka mwanga mwingi, jua la mchana au taa. Ya kasi inaona penye kiza kama paka. Banda lenu lina madirisha machache na bati lililojaa vumbi, hivyo nilichagua filamu ya kasi ya mia nne, ambayo fundi mzuri anaweza hata kuilazimisha ifanye kazi kama ya mia nane kwa kuiacha zaidi kwenye dawa. Mwenye filamu kama hiyo hahitaji flashi. Alichoona yule bwana ni radi, kama alivyoambiwa.

Nisingependa kukumbusha, lakini nilimwendesha kaka yako maili mia moja na arobaini kwenye barabara ya udongo, na kiti cha gari langu hakijatakata mpaka leo. Nilitegemea shukrani.

Kitabu changu kuhusu watu wa sufu kitatoka mwakani. Kimebaki na sura moja, nami natarajia kurudi Mulgarra Oktoba kuimaliza. Ningefurahi kama ungeniandalia njia kwa Bwana Hannigan.

Wako mwaminifu,
Julian Ashcombe

*

Mulgarra
2 Aprili 1975

Ashcombe,

Mambo ya picha ni mageni kwangu, hilo ni kweli. Mambo ya kondoo si mageni.

Nimeitundika picha yako, na kila nikikanda mkate naitazama. Merv yuko mbele, ameinama juu ya dume. Nyuma yake kuna zizi, na ndani ya zizi kuna kondoo kumi na mmoja wamegeukia kwako. Wote macho yao yanawaka meupe kama vibatari. Nimeishi na kondoo miaka hamsini na moja. Macho yao hayawaki kwa mwanga wa dirisha, wala kwa radi inayopiga nje ya bati. Yanawaka ukiwamulika taa usoni, na mwenye taa ndiye pekee anayeyaona yakiwaka. Mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kutoka na tochi kumtafuta mwanakondoo anajua hilo.

Nikaenda Hay. Pale yuko Bwana Pocock mwenye duka la dawa, anayesafisha picha za harusi na za wachezaji wa kriketi tangu vita viishe. Nilimpa picha yako bila kumwambia neno. Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, kisha akaniita niangalie. Alisema filamu ya kasi ina chembe, na ukiilazimisha zinazidi. Akanionyesha picha aliyopiga yeye ndani ya ukumbi wa ndondi kwa hiyo hiyo ya mia nne: uso wa mtu ulikuwa na chenga kama uji wa mahindi yaliyosagwa vibaya. Yako ni laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Akanionyesha nyuzi za sufu zimesimama hewani, hata moja haijafifia, na kivuli cha Merv kwenye mbao nyuma yake, kikali kama kimekatwa kwa mkasi. Alisema, "Aliyepiga hii alikuwa na filamu ya polepole na taa. Tena taa kali."

Umenidanganya kwa lugha nyepesi. Sasa nidanganye kwa ngumu, nione.

E. Trewin

*

Carlton
11 Aprili 1975

Bibi Trewin,

Kwa hiyo mpishi na muuza dawa za kikohozi wameunda mahakama. Hongereni.

Sina wajibu wa kumweleza mtu yeyote namna ninavyofanya kazi yangu. Picha zangu zimetundikwa London. Bwana Pocock, ambaye sina shaka ni hodari sana wa kriketi, hana uwezo wa kusoma filamu kutoka kwenye karatasi iliyotundikwa jikoni ikila moshi wa mafuta. Ukiyasambaza maneno haya, wakili wangu atakuandikia, na yeye hatumii lugha nyepesi.

Ila nina ushauri mmoja. Kabla hujachukua kalamu tena, muulize kaka yako ni nani aliyetamka neno la kwanza siku ile.

J. Ashcombe

*

Mulgarra
29 Aprili 1975

Ashcombe,

Nilimuuliza. Nilimsomea mstari wako wa mwisho akiwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akafunga blanketi lake, akamwita mbwa, akaenda mtoni. Leo ni siku ya nane. Msimamizi amemwona akiwa amewasha moto chini ya mikaratusi, kwa hiyo yu hai. Usiku kuna baridi, na ule mkono haufungi hata kifungo.

Sijui umemshikia nini. Unaweza kuwa unatupa tope ili uonekane msafi, watu wa aina yako nimewapikia. Lakini sijawahi kumwona Merv akimkimbia mtu aliyemsingizia. Kwa kawaida anamfuata.

Andika unalolijua, lote. Usipoandika, picha hii na maneno ya Pocock nampa Hannigan, naye ana nakala za anwani ya kila tawi la chama katika nchi hii. Utapiga picha za sufu kwenye maduka ya nguo.

Enid Trewin

*

Carlton
19 Mei 1975

Bibi Trewin,

Wakili amenishauri nisiandike. Naandika, kwa sababu barua yako ya mwisho imenifanya nionekane kama mtu anayewatisha majeruhi, na siwezi kuliacha hilo.

Siku mbili za kwanza sikupata hata picha moja ya maana. Nilikuwa nimefunga kwenye kamera filamu ya kasi ya hamsini, ambayo huitumia kwa milima na majengo. Picha za kitabu zitakuzwa hadi upana wa meza, na sikutaka chembe ndani yake. Ndani ya mkoba nilikuwa na makopo matano ya filamu ya mia nne. Sikufungua hata moja. Ukitaka kunichukia kwa haki, nichukie kwa hilo. Nilijua kuna kiza, nilikuwa na kinachofaa kiganjani, na niliona aibu kutoa picha yenye chenga.

Siku ya tatu kaka yako alinifuata nyuma ya marobota ya sufu. Alisema, "Nimekuangalia unavyohangaika. Dirisha liko nyuma yangu. Utanitoa mweusi tii kama nguzo." Nikamwambia ndivyo itakavyokuwa. Akaniuliza kama ile taa ninayoining'iniza begani inafanya kazi. Nikamwambia imekatazwa. Akasema, "Imekatazwa na Hannigan. Hannigan yuko stendi ya kwanza, mimi niko ya kumi, na kati yetu kuna migongo minane. Mara moja tu. Nipe sura."

Nilimpa sura. Yaliyofuata unayajua.

Garini, mkono wake ukiwa ndani ya taulo zako mbili, hakulia wala hakulalamika. Maili kama thelathini kabla ya mji aliniambia, "Wakikuuliza, sema radi." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wakisikia nimekatwa nikipozi, nimekwisha." Hilo la ulevi lilikuja baadaye na halikutoka kwangu. Nilipolisikia nilimwandikia. Alinijibu kwa kadi yenye maneno matatu: Acha kama ilivyo.

Niliacha. Kimya chake kilinifaa, sikatai. Lakini usiniite mwizi wa jina la mtu wakati mwenye jina ndiye aliyelitupa.

Julian Ashcombe

*

Mulgarra
8 Juni 1975

Ashcombe,

Merv alirudi akiwa na kikohozi na ndevu. Nilimpa supu, nikangoja amalize, nikaweka barua yako mbele yake. Aliisoma mara mbili. Nilikuwa na mwiko mkononi na namshukuru Mungu sikuutumia.

Nilimwambia, miezi saba nimegombana na wanawake wazima kwenye foleni ya posta kwa ajili yako, na ulikuwa unajua. Alisema alikuwa anajua. Nilimuuliza ni mtu gani anayechagua kuitwa mlevi. Akanijibu, na haya nakuandikia kama alivyosema:

"Mlevi wanamlaza kitandani, Enid, wanamvua viatu, wanamfunika. Kila mtu mle ndani amewahi kuwa yeye. Lakini mnyoaji aliyemwomba mtu wa Melbourne amtoe vizuri? Wataniita Malkia wa Urembo mpaka nifukiwe."

Nilimuuliza alitaka picha ya nini. Akasema amenyoa miaka thelathini na mitano na hakuna hata picha moja inayomwonyesha kazini. Ipo moja ya timu nzima, mwaka hamsini na nane, na yeye amefunikwa na kofia ya mtu mwingine. Mgongo wake ulikuwa umeshamwambia kwamba huo ndio mwaka wa mwisho. Alitaka mara moja tu aonekane akiwa juu ya mbao zile, na uso wake uonekane ni wa nani.

Hilo ndilo alilolitaka. Si kosa la kumfanya mtu anyang'anywe vidole.

Sasa wewe. Aliomba, sawa. Mimi pia huombwa. Wanyoaji huniomba niwape nyama iliyokaa siku nne kwa sababu wana njaa, nami nawakatalia kwa sababu mpishi ni mimi. Mwenye kidole juu ya kitufe ulikuwa wewe. Ungefungua kopo moja, hata moja, Merv angepata sura yake na sufu ingeendelea kutoka. Ulikuwa na matano. Uliogopa chenga kuliko ulivyoogopa damu ya mtu.

Hivi ndivyo utakavyofanya. Utaandika barua kwa watu wote wa banda. Utaeleza flashi, utaeleza makopo matano, na la Merv utalieleza pia, maana ukweli nusu ndio uliotufikisha hapa. Siku ya kwanza ya kunyoa, wakimaliza chakula cha mchana, nitaisoma mbele yao na mbele ya Gault. Na hayo makopo uyatume. Nataka wayaone.

Merv amekubali? Hakukubali. Nimekubali kwa niaba yake, kama alivyonikubalia miezi saba kuwa mjinga. Hatuongei tangu Jumanne.

Enid Trewin

*

Carlton
22 Septemba 1975

Kwa wanyoaji na wafanyakazi wa banda la Mulgarra,

Naitwa Julian Ashcombe. Mwaka jana mliniruhusu kupiga picha kwa sharti la kutotumia flashi. Tarehe kumi na saba Oktoba nilitumia flashi mara moja, kwenye stendi ya kumi, nikiwa hatua tatu kutoka kwa Merv Trewin. Kondoo alishtuka. Haikuwa radi. Merv hakuwa amekunywa kitu. Nilikaa naye garini kwa muda wa saa tatu na najua mtu mlevi ananukaje.

Nilikuwa na makopo matano ya filamu ya kasi ambayo yangeifanya flashi isihitajike. Sikuyatumia kwa sababu picha zake hutoka na chembe, nami nilitaka picha laini. Makopo ni hayo hapo mbele yenu.

Merv ndiye aliyeniomba nitumie taa, ili uso wake uonekane. Ningeweza kukataa.

Naomba ruhusa ya kurudi kwa siku mbili kumaliza kazi yangu, bila flashi, kwa filamu ya kasi peke yake. Nitaheshimu uamuzi wenu.

J. Ashcombe

*

Mulgarra
16 Oktoba 1975

Ashcombe,

Mimi si mtu wa barua. Dada yangu amesema kama nina la kukuambia nikuambie mwenyewe, yeye si tarishi wangu.

Alisoma jana. Alisimama penye mlango wa jiko, mikono ina unga, akasoma yote bila kuruka. Alipofika pale pangu niliangalia sahani. Halafu Wally Tregear, mnyoaji mwenzangu, akaniambia, "Merv, geuka kidogo, huo si upande wako mzuri." Banda zima likaangua kicheko. Wengine walilia kwa kucheka. Leo nimeitwa Malkia mara kumi na nne na siku haijaisha. Mmoja ameniwekea kioo cha kunyolea ndevu kwenye msumari wangu wa kofia.

Hannigan hakucheka. Aliwangoja wanyamaze, akamwambia Gault alete daftari. Gault akasema daftari ni mali yake. Hannigan akajibu, "Nalo banda ni la tajiri, na kondoo ni wa tajiri, lakini mikono ni yetu." Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Watu ishirini na mmoja wamekaa mbele ya sahani tupu, na kondoo huko nje wanalia. Gault alivumilia kama dakika ishirini. Akaleta, akakata lile neno kwa wino, akaandika jina lake pembeni. Amenirudisha kazini pia, kusukuma kondoo kuwaingiza kwenye mazizi ya ndani. Kazi hiyo mkono mmoja unatosha.

Kuhusu ombi lako tulipiga kura, kama tunavyopiga kura kuamua tunyoe au tusinyoe kondoo wakiwa wamelowa: karatasi ndani ya kofia, hakuna jina. Tisa walisema uje. Kumi na wawili walisema usije. Mmoja wa hao kumi na wawili ni mimi.

Si kwa sababu ya mkono. Taa niliiomba mwenyewe na nitaibeba hiyo. Ni kwa sababu ya mle garini. Nilikuwa nimepoteza damu, nilikuwa naona miti miwili miwili, nikakwambia useme radi. Wewe ulikuwa na vidole vyako vyote kumi na akili yako yote. Ulipaswa kujua kwamba si mimi niliyekuwa nasema. Na ile kadi niliyokuandikia baadaye, ulipaswa kuichana na kuja. Ulinisikiliza kwa sababu ulipenda kunisikiliza.

Usije hapa.

M. Trewin

*

Mulgarra
9 Novemba 1975

Ashcombe,

Barua yako ya tarehe ishirini na nane nimeipata. Unasema kwa kuwa kura ilikuwa hapana, ni haki urudishiwe makopo yako. Nayarudisha matatu, hayajafunguliwa, kama unavyoyapenda. Mawili nimeyatumia.

Baada ya kusoma kwangu yale makopo yalibaki juu ya kabati la chumvi, na hakuna aliyejua ayafanye nini. Bwana Pocock alipokuja kuleta dawa ya farasi nilimuuliza. Alinichekea, akaenda garini, akarudi na kamera yake ya zamani yenye mkanda uliokatika na kushonwa. Akaniwekea kopo la kwanza. Akanifundisha mambo matatu: tundu la lenzi lifunguliwe mpaka mwisho, kasi ya kifyatuo ikae kwenye sitini, na nisipumue nikibonyeza. Mengine, alisema, filamu itayafanya yenyewe. Picha zitakuwa na chenga kama makombo ya mkate, nisije nikamlaumu.

La kwanza niliharibu lote. Nilipumua, nilikata vichwa, nilipiga kidole changu mara sita. La pili nililingoja mpaka wiki ya mwisho ya kunyoa.

Kule ndani kwenye mazizi hakuna dirisha. Mwanga unaingia kwa nyufa za mbao na kwa chini, kutoka kwenye jua linalopiga samadi chini ya sakafu ya mbao zilizoachana. Merv alikuwa katikati ya kondoo kama sitini, wamemfika kiunoni, mkono mbovu ameuinua juu ili wasiukanyage, mzima anapiga nao mgongo wa aliye mbele. Alinisikia nikija. Tulikuwa tumeshaanza kuongea wakati huo, ila mambo ya chumvi na sukari tu.

Aliniuliza nataka nini. Nilimwambia asimame hivyo hivyo. Alisema, "Huko kuna kiza, Enid, utapoteza filamu ya watu." Nilimwambia afunge mdomo afanye kazi. Kondoo hawakugeuka hata mmoja. Nilibonyeza mara kumi na nane, na kila mara nilikuwa nimeshikilia pumzi mpaka kifua kikauma.

Wanyoaji waliniona. Hannigan alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alisogea tu ili asiuzibe ule mwanga kidogo uliokuwepo.

Pocock aliiacha kwenye dawa dakika nne zaidi. Kumi na saba ni takataka. Moja imetoka. Si laini. Kila kitu kina chembe, ukuta, sufu, vumbi, kana kwamba mtu ameipaka mchanga. Kondoo wa mbele amefifia kwa sababu alikuwa anakwenda. Lakini Merv amekaa imara, na amegeuza uso kuniangalia, amekasirika kidogo kwa sababu nilimwambia afunge mdomo, na mtu yeyote aliyewahi kumfahamu angesema ni yeye.

Ameibeba mwenyewe mpaka bwenini kwa wanyoaji. Wally Tregear alitaka kusema kitu, akaitazama, akauliza yake itapigwa lini.

Kwenye barua yako, chini kabisa, kwa maandishi madogo, umeuliza kama hatimaye kuna aliyempiga Merv picha, na kama unaweza kuiona. Nimemwambia Pocock asafishe nakala mbili. Moja ni ya Merv. Ya pili imekwenda Deniliquin kwa mama yetu, ambaye ana miaka themanini na minne na aliitambua bila miwani.

Negativu, ile filamu yenyewe, ninayo mimi. Sitakutumia.

Enid Trewin